Miti tumepanda, sasa tuulizane taka zetu anabeba nani

Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wasomaji wasio Wakatoliki, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo nimelisema jumuiyani, yaani kwenye kikundi chetu cha sala cha mtaani, nikalisema tena kwenye grupu la wasapu la kanda, zinakokutana jumuiya kadhaa, wakanijibu "tumekupata kaka" na wengine wakaweka vile vimikono vya kusali, basi, ikaishia hapo.

Kila ikifika Septemba mosi parokia nyingi zinaanza Msimu wa Uumbaji. Hiyo siku ya kuombea uumbaji aliiweka Papa Fransisko mwaka 2015, na msimu wenyewe unaenda mpaka tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Jambo zuri, sipingi kabisa. Ila tunachofanya ni kile kile kila mwaka, fulana zinachapishwa, kepsi zinachapishwa, miche inaletwa na pikapu, paroko anapanda wa kwanza, mwenyekiti wa halmashauri ya walei (waumini wasio mapadre wala watawa) anapanda wa pili, picha, VIWAWA, vijana wetu Wakatoliki, wanamalizia iliyobaki, picha tena, halafu watu wanaingia kwenye maturubai kula pilau. Na Septemba hapa Dar ni jua jamani, vuli bado, hiyo miche nani anaimwagilia? Lakini leo sitaki kugombana na mtu kuhusu miche.

Ninachotaka kusema ni hiki, ile pilau imeliwa kwenye sahani za kutupa, maji yamenywewa kwenye chupa za nusu lita, katoni juu ya katoni, na jioni vyote vinakusanywa nyuma ya ukumbi. Wako wanaochoma pale pale, kesho yake misa ya kwanza unasali huku unameza moshi wa plastiki. Wako wanaosubiri gari la taka, na gari likishaondoka tunaona tumemaliza, pamekuwa pasafi. Pasafi kwetu. Huo waraka wa Papa, Laudato si', tunaoutaja kwenye mahubiri siku hiyo hauishii getini kwa parokia hata kidogo, na kwa maoni yangu tumeusoma nusu tu, ile nusu ya miti.

Laudato si', yaani "Sifa iwe kwako", Papa Fransisko aliusaini tarehe 24 Mei 2015 na ukatangazwa rasmi tarehe 18 Juni mwaka huo. Una sura 6 na aya 246, sio wa kutisha, mtu akisoma aya tano tano kila jioni kabla ya kulala miezi miwili haiishi kamaliza. Aya ya 49 inasema kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe kwa pamoja. Aya ya 45 anazungumzia miji, kwamba bustani nzuri na kijani unazikuta mitaa ile ya wenye nafasi, ila ukienda kule kusikoonekana, wanakoishi wale ambao jamii inawaona kama wa kutupa, huzikuti. Aya ya 22 anasema huu utamaduni wetu wa kutumia na kutupa unatupa vitu na unatupa na watu humo humo. Na aya ya 91 anawageukia wapenda wanyama, kwamba unapambana na wanaouza wanyama walio hatarini kutoweka, halafu binadamu mwenzako akiuzwa au maskini akiteseka wala hushtuki, hapo unajipinga mwenyewe. Sasa niambie hapo mti uko wapi? Anaongea habari za watu muda wote.

Kuna kaka mmoja jumuiyani kwetu, msomi, yeye akisikia mazingira anasema hizo ni ajenda za Wazungu Papa kaziokota juzi. Si kweli. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa watu wa ekolojia mwaka 1979, na ujumbe wake wa Siku ya Amani ya tarehe 1 Januari 1990 wote ulihusu amani na uumbaji. Ukienda nyuma zaidi, Papa Leo XIII aliandika habari za haki ya mfanyakazi na mshahara wake mwaka 1891, na Papa wetu wa sasa Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025 akaeleza kuwa jina kalichukua kwa sababu ya huyo huyo. Kwa hiyo heshima ya mtu anayefanya kazi na utunzaji wa dunia ni mafundisho ya siku nyingi, vyote viko ndani ya nyumba moja.

Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui. Papa Fransisko alipokuwa bado Kardinali Bergoglio kule Buenos Aires alikuwa rafiki wa waokota taka, wale wanaitwa cartoneros, wanaozunguka usiku na mikokoteni kuokota makaratasi na maboksi. Akawa anakwenda kuwasomea misa. Ilipofika tarehe 19 Machi 2013, misa ya kuanza upapa wake, marais na wafalme wamejaa pale uwanjani, mmoja wa waliokaa mbele kabisa alikuwa Sergio Sánchez, mwokota taka kutoka Argentina, amevaa sare yake ya kazini. Huyo ndiye mtu aliyekuja kuandika waraka tunaoupandia miti.

Turudi nyumbani. Mimi nakaa Tabata na wageni wa mji huu hawaamini nikiwaambia Tabata hii yenye magorofa na baa kila kona ndio lilikuwa dampo la Jiji. Moshi, nzi, harufu, watoto wanakohoa. Wakazi wakachoka, wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Jiji, mwaka 1988, wakashinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akashangaa kweli kweli, akasema hajawahi kusikia popote chombo cha umma kinakuja mahakamani kifua mbele kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Nampenda sana yule jaji. Basi taka zikatafutiwa pa kwenda, wakataka Kunduchi Mtongani, watu wa Mtongani nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, Festo Balegele na wenzake 794, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti. Baadaye Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi, ndiko ziliko mpaka leo.

Ukiifuatilia hiyo safari unaona dampo la Dar halijawahi kufungwa, linahama tu, na linahamia kwa watu ambao hawana wakili, au wanaye lakini wameshachelewa. Kwa hiyo sisi watu wa Tabata tukisema "tulipigania haki yetu ya kuishi" ni kweli tulipigania, wazee wetu walifanya kazi kubwa. Na taka zetu wenyewe tulizozishinda mahakamani zikaenda kwa mwingine, na hakuna aliyemuuliza huyo mwingine.

Na Pugu, kwa Mkatoliki wa jimbo hili, sio jina la dampo tu. Wabenediktini walianzia misheni yao pale mwaka 1888. Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya Mtakatifu Fransisko pale pale Pugu mpaka 1955 alipoacha ualimu akaingia siasa moja kwa moja. Mpaka leo tunakwenda hija Pugu, mabasi kwa mabasi, kwaya, rozari, na kila hujaji ana chupa yake ya maji, wengine mbili kwa sababu ya jua. Tukitoka huko tumetakaswa, chupa zetu zinabaki, au zinarudi mjini na basi ili zije zipakiwe tena kwenye gari la taka zirudi upande ule ule wa Pugu. Huwa nacheka peke yangu nikiiwaza hii.

Sasa nieleze nilichokiona. Parokia siitaji maana ziko nyingi za namna hiyo na sitaki kumwaibisha mtu. Ilikuwa baada ya kipaimara, wageni wameondoka, tumebaki watu wa kamati ya chakula tunakusanya masufuria, akaingia mama wa makamo na kiroba chake, khanga kaifunga kiunoni, akaanza kuokota chupa chini ya meza. Mlinzi akamfokea, "wewe mama toka, hapa kanisani." Mama wa watu akamjibu kwa upole kabisa, "mwanangu mimi naokota tu, nikitoka pamebaki pasafi." Tukamwambia mlinzi amwache.

Nikasogea. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Nikamuuliza mbona vifuniko anavitenga, akaniambia vifuniko vina mnunuzi wake na chupa ina mnunuzi wake, na ile nyeupe ina bei kuliko ya rangi. Anafungua, anamwaga maji yaliyobaki, anaikanyaga, anaitupia kirobani, haraka mpaka unashangaa. Chupa ikiwa na maji mnunuzi anakata kilo, na bei anapanga yeye, asubuhi anaweza kusema hivi na jioni ukifika na mzigo wako anakwambia imeshuka. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa, kigae cha chupa ya soda, maana sisi tunaochanganya kila kitu kwenye mfuko mmoja, wali, mifupa, vigae, pampasi za watoto, hatufikirii kama kuna mkono wa mtu utaingia humo. Glovu hana. Nikamuuliza kama anasali wapi, akataja parokia ya jirani tu hapo, Mkatoliki mwenzetu, ana jumuiya yake na michango yake anadaiwa kama mimi na wewe.

Kwenye kikao cha tathmini ya sherehe tuliongelea MC alichelewa, tukaongelea keki, tukaongelea spika zilizokuwa zinakoroma. Huyo mama hayupo kwenye muhtasari.

Na yeye ndiye aliyefanya mazingira siku ile kuliko mtu yeyote pale! Sisi tumechafua, yeye kasafisha, na plastiki yetu haikufika mfereji wowote. Maana tusijidanganye, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 na kweli ile mifuko ya rambo ikapungua sana barabarani, hongera zao, ila chupa bado zipo, nenda mto Msimbazi mvua ikinyesha uone zinavyoelea. Zile ambazo huzioni, kuna mtu kaziokota.

Kwa wanaosema Kanisa lisali tu mambo ya dampo tuwaachie manispaa, nina mfano wa jirani. Nairobi kuna dampo la Dandora, kubwa, limewazunguka watu wa Dandora na Korogocho. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa utafiti kuhusu watoto wanaoishi kuzunguka lile dampo, na waliofanya nao kazi hiyo ni parokia, Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane Korogocho. Watoto na vijana 328 wakachunguzwa. Nusu ya waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi kuliko kiwango kinachokubalika kimataifa. Risasi hiyo inaingia kwenye moshi, kwenye udongo, kwenye chakula, na kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua, mtoto anakuwa mzito darasani halafu mwalimu anasema hana akili na mzazi anaambiwa ajitahidi na tuisheni. Wengine tumbo, wengine upungufu wa damu, vifua ndio usiseme. Kabla ya vipimo ilikuwa maneno, watu wa dampo wanalalamika, nani awasikilize. Baada ya vipimo hakuna aliyeweza kusema hajui. Na hiyo ni miaka 8 kabla ya Laudato si', kwa hiyo tusisingizie kwamba tunasubiri maelekezo.

Jirani huyo huyo, Novemba 2015, Papa Fransisko alipokwenda Kenya, tarehe 26 alihutubia pale Gigiri kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa na akapanda mti, ndiyo, alipanda. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa Kangemi, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, katikati ya mabanda, na huko aliongea maneno makali kuliko ya Gigiri. Akasema kumnyima mtu maji kwa kisingizio chochote cha kiofisi ni dhuluma kubwa, hasa kama kuna mtu anatengeneza faida kwa kiu hiyo. Akawagusa na wale wawekezaji wasio na sura wanaonyang'anya hadi viwanja vya shule vya kuchezea watoto, na mwaka ule ule polisi wa Nairobi walikuwa wamewapiga mabomu ya machozi watoto wa shule ya msingi Lang'ata waliokuwa wanadai uwanja wao, kila mtu pale alijua anaongelea nini. Akasema ardhi, nyumba na kazi ni haki takatifu. Picha tunayoisambaza sisi ni ile ya mti.

Najua nitaambiwa hela hakuna. Bajeti ya jubilei yoyote hapa mjini ina fungu la mapambo, fungu la muziki, fungu la MC, fungu la fulana, na hakuna mtu anauliza hela imetoka wapi. Mimi naongelea vitu vidogo. Parokia nyingi WAWATA, akina mama Wakatoliki, wana sahani zao stoo, zimejaa vumbi, zinatoka siku ya askofu tu, kwa nini zisitoke kila sherehe na vijana wakapangiwa zamu ya kuosha? Maji yawekwe kwenye madumu ya lita 20 na vikombe. Ukumbini pawe na viroba viwili, chupa peke yake, mabaki ya chakula peke yake, hilo tu limeshamwokoa mtu kidole. Waokota chupa wa eneo letu wajulikane kwa majina, waingie getini kwa saa inayoeleweka bila kufukuzwa, na siku ya shughuli kubwa walipwe posho ya usafi kama tunavyomlipa mpiga spika, chupa ziwe juu ya hiyo posho, maana chupa ni zao. Glovu na gambuti, jumuiya moja inaweza. Bima ya afya, kanda inaweza, tunachangishana harusi za mamilioni jamani tutashindwa bima ya mama mmoja na watoto wake.

Wengine wanasema ukiwalipa unawazoesha kukaa kwenye uchafu, bora wafundishwe kazi nyingine. Wafundishwe, nani kakataa, vyuo vya ufundi vya VETA vipo. Ila leo asubuhi huyo mama yuko kazini tayari, na kazi anayofanya ni ya haki kabisa kuliko kazi za wengi wetu tunaovaa tai. Na wale wanaosema ni wezi, mwizi yupo hata kwenye kwaya.

Na parokia ziache kuchoma plastiki. Hili halihitaji kikao.

Mwisho Mhariri nina ombi kwako. Septemba ikifika mtaalikwa tena, barua ya mwaliko itakuja na ratiba na jina la mgeni rasmi, mtatuma mwandishi na kamera. Njooni tu, pigeni picha miche. Mkimaliza naomba mwandishi wenu amfuate paroko au mwenyekiti wa walei amuulize hizi taka za leo zinakwenda wapi, nani anazipokea huko, na analipwa shilingi ngapi, halafu mchapishe jibu chini ya hiyo picha. Na kama anayo nafasi apande gari aende Kinyamwezi amuulize na yule wa kule.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwanajumuiya, Tabata, Dar es Salaam.